Njaa ya saa 4 usiku: asusa gani kwa anayepunguza mafuta mwilini?

Swali: Shikamoo. Mimi ni fundi cherehani hapa Ngamiani, Tanga, nina miaka 38, kilo 84 na urefu wa sentimita 158. Tangu Ramadhani iishe najitahidi kupunguza mafuta ya mwilini, hasa ya tumboni. Asubuhi nakunywa chai ya rangi tu, mchana nakula chungwa au sili kabisa, na saa 2 usiku nakula wali kidogo kwa mchuzi. Shida inaanza saa 4, nikirudi kwenye cherehani kumalizia nguo za wateja: njaa inanishika, na naishia kwenye viazi karai walivyoleta watoto, karanga na chai ya maziwa. Shoga yangu anasema chochote kinacholiwa baada ya saa 1 usiku hugeuka mafuta, na jirani ananishauri ninywe sanamaki kabla ya kulala. Je, nile nini usiku, au nisile kabisa? Na hivyo viazi nivipige marufuku nyumbani?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Umeuliza juu ya saa 4 usiku, lakini barua yako inaonesha kwamba njaa ya saa 4 inapikwa tangu asubuhi, na nisipoanzia huko nitakuwa nimekupa orodha ya vyakula ambayo haitadumu wiki mbili.

Mwanamke wa umri, kimo na uzito wako, ambaye kazi yake ni ya kukaa, hutumia kwa makadirio kalori 2,000 hivi kwa siku. Ili mafuta yapungue kwa mwendo usioumiza, yaani nusu kilo kwa wiki au chini ya hapo kidogo, inatosha ale kalori 1,500 hadi 1,600. Sasa tazama siku yako: chai ya rangi, chungwa moja na wali kidogo kwa mchuzi. Mpaka unapoinuka kwenye mkeka saa 2 na nusu, umekula labda kalori 600 au 700, na humo protini ni chache mno. Mwili unakudai, na deni hilo unalilipa usiku, ukiwa umechoka, kwa chakula kilicho karibu na mkono, ambacho kwa mitaa yetu saa hizo ni kile kilichotoka kwenye karai la mafuta. Wanaokuja kwangu wakilalamika kwamba hawana nia thabiti, wengi wao nia wanayo, ila wanaitumia yote mchana kwa kujinyima, na jioni inakuwa imekwisha.

Kwa hiyo sikuambii uongeze chakula, nakuambia ukihamishe. Asubuhi, pamoja na hiyo chai, kula mayai 2 ya kuchemsha na kipande cha muhogo au kiazi kitamu kilichochemshwa. Mchana usiruke mlo: vibua wawili wa kuchoma, ugali wa ukubwa wa ngumi yako, na mchicha au matembele yasiyozama kwenye nazi, vitakubeba mpaka jioni kwa gharama isiyozidi ile unayoimaliza usiku kwa vitu vidogo vidogo. Lengo ni kupata protini gramu 80 hadi 100 kwa siku. Mtu anayepunguza uzito huku akila protini kidogo hupoteza nyama ya mwili pamoja na mafuta, na protini ndiyo inayoshibisha kwa muda mrefu kuliko wanga au mafuta. Kwa kukisia, yai moja lina gramu 6, samaki aliyeiva wa gramu 100, yaani kama kiganja chako bila vidole, ana gramu 20 na kitu, na kikombe cha maharage yaliyoiva kina gramu 15 hivi.

Baada ya hapo ndipo tuzungumze usiku.

Shoga yako amekosea, ila hakukosea yote. Hakuna saa ambayo chakula hubadilika kikawa mafuta kwa kuwa tu giza limeingia. Ukila kalori 1,500 kwa siku na 150 kati ya hizo ukazila saa 4 usiku, utapungua. Lakini saa za kula si jambo la bure pia. Mwaka 2022 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha jaribio walilowafanyia watu 16 wenye uzito uliozidi, ambao walipewa vyakula vilevile kwa ratiba mbili, moja ya mapema na nyingine iliyosogezwa mbele kwa saa 4 hivi. Walipokula kwa kuchelewa, njaa yao wakiwa macho iliongezeka, homoni ya leptini, ambayo huuarifu ubongo kwamba akiba ipo, ilishuka, na mwili ulitumia nishati pungufu kidogo. Watu 16 ni wachache, na hapo waliosogezewa ni milo yote, si asusa moja ya usiku. Mimi nalichukua jaribio hilo kama sababu ya kuuwahisha mlo mkubwa wa jioni, saa 12 na nusu au saa 1 jioni ukiweza, na kuifanya asusa ya usiku iwe ndogo kweli. Silichukui kama sababu ya kulala na njaa inayokuamsha saa 9 alfajiri. Iweke asusa yako kiasi cha masaa mawili hivi kabla ya kulala, kwa maana kulala tumbo likiwa limejaa huamsha kiungulia hata kwa asiye na vidonda vya tumbo.

Sasa viazi karai. Nakuomba ufanye jaribio dogo ambalo huwafanyia wateja wangu mezani. Vinapoletwa vikiwa vimefungwa kwenye karatasi, vitoe, uviweke kwenye sahani, kisha uinue karatasi hiyo uiangalie mbele ya taa. Utaona mahali viazi vilipokaa pamekuwa kama kioo, taa inapita. Hayo ni mafuta yaliyobaki kwenye karatasi tu. Mengi zaidi yamo ndani ya lile ganda la unga, ambalo kazi yake kwenye karai ni kunyonya. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au ya protini ina 4, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya kupikia kina kalori 120 hivi. Kiazi chenyewe hakina kosa: gramu 100 za kiazi kilichochemshwa zina kalori zisizofika 90. Viazi karai vitano vya ukubwa wa kawaida, kwa kadirio langu, havipungui kalori 500, yaani theluthi ya chakula chako cha siku nzima, na umevila ukiwa unafunga zipu ya gauni la watu bila hata kukumbuka ladha ya cha tatu. Hesabu hiyohiyo inaishika mihogo ya kukaanga, bajia, kachori, sambusa, visheti na kaimati, kwa hiyo sitavipitia kimoja kimoja.

Chakula cha kuchagua saa hizo kiwe na sifa tatu: kisiwe kimepita kwenye karai, kiwe na protini au nyuzinyuzi za kutosha, na kiwe na mwisho unaoonekana, yaani kikiisha kimeisha, hakuna bakuli la kurudia. Kiasi chake kiwe kalori 150 hadi 200.

Cha kwanza ni yai, na hapa mjini tuna bahati kwamba linauzwa likiwa limekwisha kuchemshwa. Yule kijana anayepita jioni na trei yake, anayelipasua yai kwa kisu na kulijaza kachumbari na pilipili, anauza asusa bora kuliko maduka mengi yenye viyoyozi. Mayai 2 pamoja na kachumbari hayafiki kalori 180 na yanakupa protini gramu 12. Mwambie tu apunguze chumvi, kwa sababu chumvi ya usiku huvuta maji, asubuhi mizani inakuonesha umeongezeka, nawe unakata tamaa kwa jambo ambalo si mafuta hata kidogo.

Cha pili ni mtindi. Mkoa wetu ni wa maziwa, na mtindi usiotiwa sukari haukosekani. Kikombe kimoja cha mililita 250 kina kalori 150 hivi na protini gramu 8, na kwa kuwa ni mzito unakaa tumboni kuliko chai. Angalia usichanganye na ile yogati ya kopo yenye rangi ya stroberi: soma pembeni mwa kopo sukari ni gramu ngapi, kisha gawanya kwa 4 upate vijiko vidogo vya chai. Ukiona ni vijiko vinne, jiulize kama ungethubutu kuvitia kwenye kikombe cha chai mbele ya mama mkwe.

Cha tatu wengi hawakitegemei: pweza. Wanaume wa pwani wamemmiliki pweza kwa sababu zao wenyewe, ambazo sitaziingilia, lakini kwa mtu anayepunguza mafuta ni chakula kizuri ajabu. Gramu 100 za pweza aliyechemshwa zina kalori 160 hivi na protini karibu gramu 30, mafuta ni kidogo sana, na juu ya yote haliki haraka. Utamtafuna taratibu, na utashiba kabla hujamaliza kipande cha pili. Vipande vichache na ndimu vinatosha. Supu yake inywe kwa kiasi kwa sababu ya chumvi, na pweza aliyekaangwa mrudishe kwenye kundi la viazi karai.

Siku ambazo njaa si kali bali ni mdomo tu unaotaka kitu, chukua tunda. Chungwa la Muheza lililomenywa lina kalori 60 hadi 70, na ukilila pamoja na nyama yake unapata nyuzinyuzi gramu 3 hivi. Ukilikamua, utahitaji matatu au manne kujaza bilauri, nyuzinyuzi nyingi zitabaki kwenye chujio, na bilauri hiyo utaimaliza kwa pumzi mbili. Papai na tikiti maji ni mepesi zaidi, na tango lenye chumvi kidogo na pilipili ya unga unaweza kulila zima bila hesabu yoyote. Hindi la kuchoma nalo linafaa, moja, si mawili, na liwe halikupakwa siagi.

Karanga zinahitaji maneno zaidi kidogo, kwa sababu wewe unaziona ni chakula chepesi na mimi naziona ni chakula kizuri kilichokosa kipimo. Zina protini, zina mafuta ya aina njema, zinashibisha. Lakini gramu 100 zina kalori zinazokaribia 570, na mkono unaozifuata kwenye bakuli huku macho yako kwenye mshono hauna habari na hesabu hiyo. Chukua finjani, kile kikombe kidogo cha kahawa kisicho na mkono ambacho nyumba nyingi za Tanga kipo. Kijaze karanga mpaka ukingoni, bila kilima, kisha funga chupa na uirudishe kabatini kabla hujaketi. Hizo ni gramu 30 na kitu, kalori 200 hivi. Hiyo ndiyo asusa yako yote ya usiku huo, haifuatwi na yai wala mtindi. Korosho zipime vivyo hivyo. Tende 3 za kawaida hazina ubaya, ila tende hazina desturi ya kuishia tatu. Kashata ni sukari na nazi au sukari na karanga, na jina la karanga halipunguzi kitu.

Chai ya maziwa umeitaja kama nyongeza tu, na hapo ndipo wengi wanapojisahau. Kikombe kikubwa cha maziwa matupu yasiyopunguzwa mafuta, chenye vijiko 3 vya sukari vilivyojaa, kinazidi kalori 200 kabla hujagusa kitafunwa. Ama unywe hicho kikombe bila sukari na kiwe ndiyo asusa yenyewe, ama unywe chai ya mchaichai au tangawizi isiyo na maziwa wala sukari pembeni ya yai lako. Majani ya chai ya kawaida yaache baada ya alasiri, na kahawa zaidi: kafeini huchukua saa 5 hivi mwilini ili nusu yake tu iondoke, kwa hiyo finjani mbili za saa 3 usiku bado zimo damuni unapogeuka kitandani saa 7.

Na usingizi huo una uzito kwenye mafuta kuliko unavyodhani. Mwaka 2010 watafiti wa Chicago walichapisha jaribio la watu 10 waliokuwa wakila chakula kilichopunguzwa. Siku 14 walipewa muda wa saa 8 na nusu za kulala kila usiku, na siku nyingine 14 muda wa saa 5 na nusu. Katika vipindi vyote viwili walipungua takriban kilo 3. Lakini walipolala vya kutosha, mafuta yaliyotoka yalikuwa kilo 1.4, na walipolala kidogo yalikuwa kilo 0.6 tu, kilichobaki kiliondoka kwenye nyama ya mwili na maji. Nao pia ni watu wachache, ila mwelekeo wake unakuhusu moja kwa moja. Wewe hukusema unalala saa ngapi, lakini fundi anayeshona mpaka saa 6 usiku na kuamka kwa adhana ya alfajiri anajieleza mwenyewe. Ukiweza kuwaambia wateja wawili kwamba nguo itakuwa tayari Jumamosi badala ya Alhamisi, utakuwa umefanya jambo kubwa kuliko kubadili kitafunwa.

Sanamaki usinywe kwa kusudi hili. Majani yale huchochea utumbo mpana, wakati chakula karibu chote chenye nishati kimekwisha kufyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko. Kinachotoka ni choo na maji. Mizani itashuka asubuhi na kupanda jioni, mafuta yakiwa palepale, na ukizoea, utumbo unaweza kugoma kufanya kazi bila kuchochewa, na unapoteza madini ya potasiamu ambayo moyo unayahitaji. Maji ya moto na ndimu hayana madhara hayo, ila hayayeyushi mafuta pia, yanywe ukiyapenda.

Kuna watu ambao ushauri huu wa kupunguza chakula cha usiku hauwafai bila kuonana kwanza na daktari wao, nami naandika nikijua barua yako itasomwa na wengine. Mwenye kisukari anayetumia insulini au vidonge vya kushusha sukari kama glibenklamidi anaweza kushuka sukari akiwa usingizini endapo atafuta mlo wa usiku bila dozi kurekebishwa. Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze protini kwa maneno yangu. Mjamzito na anayenyonyesha wasianze kujipunguza kwa hesabu hizi. Wewe mwenyewe, ikiwa njaa hiyo ya saa 4 huja pamoja na kutetemeka, jasho na kizunguzungu, pima sukari kituo cha afya kabla ya jambo lolote.

Kwa kupima maendeleo una kifaa bora kuliko mizani, nacho kinaning'inia shingoni mwako mchana kutwa. Kila Ijumaa asubuhi, kabla ya kula, zungusha tepu yako katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, toa pumzi kwa kawaida bila kubana tumbo, kisha andika sentimita kwenye daftari la vipimo vya wateja, ukurasa wa nyuma. Kwa mwanamke, kiuno kinachofika sentimita 80 huanza kuongeza hatari ya maradhi ya moyo na kisukari, na kinachozidi 88 huiongeza sana. Wiki moja moja hazitakuonesha kitu. Linganisha Ijumaa ya kwanza na ya tano.

Ama hivyo viazi, usivipige marufuku. Nyumba yenye marufuku huwa na watoto wanaokula barabarani na mama anayekula jikoni taa ikiwa imezimwa. Waache walete siku moja katika wiki, uichague mwenyewe, na waje navyo saa 12 jioni viliwe kama sehemu ya mlo, kwenye sahani, vikiwa na kachumbari nyingi. Wewe chukua 2, upunguze wali kwa kiasi hicho. Saa 4 usiku kwenye cherehani pasifike chakula cha aina yoyote, hata yai. Inuka, zima taa ya mashine, kaa mkekani dakika 10 ule asusa yako, unawe mikono, ndipo urudi kwenye satini ya watu.